Chanda Chema Kisichovikwa Pete

Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika barabara za Kenya, na huenda kijana wa bodaboda hapa Majengo, Embu, akadhani hiyo ni ajabu ya karne hii. Sivyo. Mwezi wa Aprili mwaka 1881, miaka 5 kabla ya Karl Benz kupewa hataza ya gari lake la petroli, fundi Gustave Trouvé alipita katika barabara ya Paris juu ya baiskeli ya magurudumu matatu iliyoendeshwa kwa betri.

Trouvé alizaliwa Ufaransa mwaka 1839. Alijifunza kazi ya kufuli, kisha akaingia chuo cha ufundi mjini Angers, lakini maradhi yakamkatizia masomo. Hakukata tamaa. Alikwenda Paris, akafanya kazi kwa mtengenezaji wa saa, na hatimaye akafungua karakana yake. Mikono iliyozoea vyuma vidogo vya saa ndiyo iliyounda mota nyepesi ya umeme. Mwaka uo huo wa 1881 aliihamishia mota hiyo kwenye mashua katika mto Seine, ikawa ya kupachikwa na kung'olewa. Madaktari nao aliwaundia taa ya kuchungulia ndani ya mwili.

Hata hivyo, baiskeli ile haikupata hataza. Mwaka 1902, akiunda chombo cha kutibu ngozi kwa mwanga, alijikata vidole. Alilipuuza jeraha, sumu ikamwenea mwilini, akafariki tarehe 27 Julai. Baadaye kibali cha kaburi lake hakikuhuishwa, na mabaki yake yakatupwa katika kaburi la pamoja. Mwaka 1980 moto uliteketeza hati zake. Bamba la kumkumbuka liliwekwa Paris mwaka 2012, miaka 110 baada ya kifo chake.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Trouvé kilimtoa uhai, na pete ikachelewa.

Je, sisi tutafanya vivyo hivyo? Mafundi wetu wa jua kali hubuni vifaa, vikaigwa, na majina yao yasitajwe popote. Serikali ya kaunti na vyuo vya ufundi viwasaidie kuandikisha ubunifu wao na kupata hataza wangali hai. Bamba ukutani halimlishi fundi aliyekwisha kuzikwa.