Mama Hazel Johnson na Moshi wa Chicago

Mama Hazel Johnson alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka wa 1935. Baadaye alihamia Altgeld Gardens, mtaa wa watu weusi huko Chicago. Kumbe mtaa wenyewe ulizungukwa na viwanda na majaa! Mwaka wa 1969 mumewe alifariki kwa saratani ya mapafu, akamwachia watoto saba.

Mama hakukaa kitako. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani anaumwa kifua, kisha mwaka wa 1979 akaanzisha chama cha wakazi. (Hata Barack Obama, kijana bado, alishirikiana na wakazi hao kudai asbesto iondolewe.) Mwaka wa 1994 Rais Clinton alitia sahihi amri ya kuwakinga maskini na watu wasio weupe dhidi ya uchafuzi, Mama akishuhudia.

Alifariki mwaka wa 2011. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025.