Adolphe Sax: Fundi aliyetupa saksofoni, akafa maskini

Ukisikiliza rumba ya Kongo, kuna mahali gitaa hupunguza kelele kidogo na ala moja ikaingia kwa sauti nzito, kama mtu anayelia na kucheka kwa wakati mmoja. Hiyo ni saksofoni. Utaisikia pia kwenye muziki wa jazz, kwenye harusi za kifahari na katika bendi za jeshi zikipita uwanjani siku za sikukuu za kitaifa. Je, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi?

Ala nyingi za kupuliza ni za kale sana hata hazina mwenyewe. Hakuna ajuaye ni nani aliyetengeneza zumari ya kwanza, wala ni nani aliyetoboa filimbi ya kwanza. Saksofoni ni tofauti. Ina baba anayejulikana kwa jina, na baba huyo alilipa gharama kubwa kwa kuizaa. Wacha nikusimulie maisha yake.

Mtoto aliyekataa kufa

Antoine-Joseph Sax, ambaye watu walimwita Adolphe, alizaliwa Novemba 6, 1814 katika mji wa Dinant, ukingoni mwa mto Meuse. Leo mji huo uko Ubelgiji, ingawa wakati huo nchi hiyo ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa seremala wa samani aliyegeuka kuwa fundi wa ala za muziki. Familia ilihamia Brussels Adolphe akiwa bado mchanga, na huko karakana ya baba ikapata kazi ya kutengenezea jeshi ala.

Adolphe alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Visa vinavyosimuliwa kuhusu utoto wake vinashangaza. Inasemekana aliwahi kuanguka kutoka ghorofani akagonga kichwa kwenye jiwe. Akanywa maji yenye asidi akidhani ni maziwa. Akameza sindano. Akaungua kwa baruti, na mara nyingine akaangukia jiko la moto. Siku moja alitumbukia mtoni akaopolewa akiwa nusu mfu. Kumbe hata kulala kwake kulikuwa na hatari: alikaribia kufa kwa kuvuta hewa ya vanishi katika chumba kilichokuwa na vitu vilivyopakwa rangi karibuni. Majirani walizoea kumwita kijimzimu, na mama yake mwenyewe hakutarajia kwamba mtoto huyo angefika utu uzima.

Alifika. Tena akiwa na mikono ya ajabu. Alikulia katikati ya misumeno na tupa za babake, akajifunza pia kupuliza filimbi na klarineti katika shule ya muziki ya Brussels. Hebu zingatia jambo hili, kwa sababu ndilo lililomtofautisha na mafundi wengi: alijua kuitengeneza ala na alijua kuipiga. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 15 tu, alipeleka filimbi mbili na klarineti alizozitengeneza kwa pembe ya ndovu kwenye maonyesho ya viwanda mjini Brussels.

Mwaka 1838 alipata hataza ya klarineti ya besi aliyoiboresha. Kabla yake ala hiyo ilikuwa ngumu kushika na sauti yake haikutulia. Yeye aliipanga upya matundu na vibonyezo vyake, na klarineti za besi zinazopigwa leo bado zinafuata njia yake.

Lakini katika maonyesho ya mwaka 1841, majaji walimnyima medali ya dhahabu kwa sababu eti alikuwa bado kijana mno. Wangempa nini mwaka uliofuata kama wangempa dhahabu sasa? Ndivyo walivyowaza. Wakampa medali ya daraja la chini, naye akaikataa. Alikuwa na miaka 26. Kama umewahi kuambiwa usubiri zamu yako ilhali kazi yako inaonekana na kila mtu, basi unamwelewa Adolphe.

Paris na vijisenti mfukoni

Mwaka 1842 alifunga virago akaenda Paris, na inasimuliwa kwamba alifika na faranga 30 pekee. Alichokuwa nacho cha maana ni wazo, pamoja na ala mpya ambayo bado ilikuwa inapikwa. Mtunzi mashuhuri Hector Berlioz aliisikia, akaandika gazetini kuisifu. Jiji zima likataka kujua huyu Mbelgiji ni nani.

Sasa wazo lenyewe lilikuwa lipi? Fikiria bendi ya jeshi ikipiga nje, hewani. Tarumbeta zinasikika mbali, lakini klarineti na filimbi zinamezwa. Pengo lilikuwa pale katikati na chini. Sax alitaka ala yenye nguvu za tarumbeta na wepesi wa klarineti.

Alichofanya ni kuchukua mdomo wa klarineti, wenye ulimi mmoja wa mwanzi unaotetemeka unapopulizwa, akauweka kwenye bomba la shaba ya njano. Bomba hilo halikuwa sawasawa kama la klarineti, bali lilianza jembamba likapanuka hadi mwisho, kama pembe ya ng'ombe. Umbo hilo lina faida yake. Kwenye klarineti, ukipuliza ili kupanda sauti za juu, noti inaruka mbali kiasi kwamba vidole lazima vijifunze mpangilio mwingine. Kwenye saksofoni, noti inapanda oktavi moja kamili, hivyo vidole vinakaa karibu vilevile chini na juu. Ndiyo maana wanafunzi wengi huizoea haraka. Na ndiyo maana wataalamu huiweka kwenye ukoo wa klarineti, sio wa tarumbeta, ingawa mwili wake ni wa shaba.

Mnamo Aprili 22, 1845, kukawa na mashindano katika uwanja wa Champ de Mars, Paris. Bendi moja ilipiga ala za zamani, nyingine ikapiga ala za Sax. Maelfu ya watu walijaa. Baadhi ya wanamuziki wa Sax hawakutokea siku hiyo, na ikasemekana wapinzani walikuwa wamewahonga. Sax mwenyewe akaingia uwanjani na ala zake, akajaza pengo. Umati ulimshangilia, na mwaka huohuo serikali ikaamuru ala zake ziingizwe katika bendi za jeshi la Ufaransa. Hataza ya saksofoni aliipata Juni 28, 1846.

Mafundi wenzake wakamgeuka

Hapo ndipo balaa lilipoanza hasa. Zabuni za jeshi zilikuwa mkate wa karakana nyingi za Paris. Mgeni mmoja alipozichukua, mafundi wa jiji waliungana dhidi yake, wakachanga pesa na kumpeleka mahakamani. Hata kwenye okestra alipigwa vita: mtunzi Donizetti alipotaka kutumia klarineti ya besi ya Sax katika opera yake, wapigaji walitishia kugoma.

Hoja zao kortini zilikuwa za kuchekesha kama si kwamba zilimmaliza mtu. Mara walidai kwamba ala inayoitwa saksofoni haipo. Mara wakadai kwamba ipo, ila iligunduliwa zamani na wengine. Inasimuliwa kwamba waliwahi kununua ala za Sax, wakafuta jina lake, wakazileta kama ushahidi kwamba zilitengenezwa nchi nyingine. Mara nyingi Sax alishinda. Lakini kesi hata ukishinda hula pesa, na kesi hizi zilidumu miaka mingi.

Mwaka 1848 mapinduzi yalimng'oa mfalme wa Ufaransa, na Sax akapoteza walinzi wake serikalini. Mwaka 1852 akafilisika. Baadaye kidogo akapata uvimbe mbaya kwenye mdomo wa juu. Mpulizaji asiye na mdomo ni kama mwandishi asiye na mkono. Madaktari walitaka kumkata. Yeye akaenda kwa tabibu mmoja mweusi jijini Paris aliyeitwa Vriès, aliyetumia dawa za mitishamba, na kufikia mwaka 1859 uvimbe ulikuwa umetoweka. Mtoto wa Dinant alikuwa amekataa kufa tena.

Kati ya 1857 na 1870 alifundisha saksofoni katika chuo cha muziki cha Paris, wanafunzi wake wakiwa wanajeshi. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka, pesa zikakatwa na darasa likafungwa. Darasa la saksofoni halikurejea chuoni humo hadi 1942. Hataza yake nayo ilikuwa imekwisha muda, kwa hivyo kila fundi aliyempinga sasa aliweza kuitengeneza saksofoni bila kumlipa senti. Akafilisika tena 1873, na mara ya tatu 1877. Mkusanyiko wake wa ala kutoka pembe nyingi za dunia ukapigwa mnada.

Alifariki Februari 7, 1894 mjini Paris akiwa na umri wa miaka 79, bila mali, na akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Aliyoyakosa

Sax hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa kujisifu, mwepesi wa kushtaki, na hakujua kutunza pesa. Huenda angekubali kugawana zabuni na wenzake, angelala usingizi zaidi. Lakini wapinzani wale wote wamesahaulika, na ala waliyosema haipo ingali inapigwa.

Cha kusikitisha ni kwamba hakuwahi kuisikia ikifika ilikofika. Miongo michache baada ya kifo chake, Wamarekani weusi waliichukua, wakaifanya sauti ya jazz. Afrika nayo ikaipokea: Manu Dibango wa Cameroon, Fela Kuti wa Nigeria, na Verckys Kiamuangana wa Kongo aliyepuliza katika bendi ya Franco kabla ya kuunda yake. Nyimbo hizo ndizo zinazopigwa hadi leo kwenye redio zetu na katika matatu za wazee wanaopenda zilipendwa.

Ukiwahi kufika Dinant, utakuta daraja lililopangwa saksofoni kubwa zenye rangi za nchi mbalimbali, na sanamu ya Sax ameketi kwenye benchi, ala yake mkononi, na nafasi ya mtu mmoja imeachwa kando yake. Na jioni ya leo, kabla ya kubadilisha wimbo, subiri kidogo hadi saksofoni iingie. Msikilize huyo kijana aliyeambiwa bado ni mdogo mno kupewa dhahabu.