Redouté, Mchoraji wa Maua

Katika misitu ya Ardennes, nchi ya Ubelgiji, uko mji mdogo wa Saint-Hubert, wenye jina la Mtakatifu Huberto, msimamizi wa wawindaji. Zamani wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walikuwa na monasteri kubwa mahali hapo. Ndipo alipozaliwa Pierre-Joseph Redouté, tarehe 10 Julai 1759. Baba yake alikuwa mchoraji, na babu yake vilevile.

Alipotimiza miaka 13 aliwaaga wazazi wake, akazunguka mji hata mji akitafuta kazi ya kuchora. Mwaka 1782 alimfuata kaka yake Paris, naye akapata kazi ya kupaka rangi mapambo ya nyumba ya michezo. Lakini kila alipopata nafasi alikwenda katika bustani ya mfalme kuchora maua. Huko akaonwa na L'Héritier, mjuzi wa mimea, aliyemfundisha jambo kubwa: uzuri wa ua hautoshi. Sharti lipasuliwe, nyuzi za ndani zihesabiwe, itazamwe namna jani linavyoshikana na shina, hata mtu wa mbali aweze kuutambua mmea asiopata kuuona kamwe.

Walioonana naye walistaajabu, maana mwili wake ulikuwa mzito, na vidole vyake vinene, vimepindika. Kwa vidole hivyo alichora mishipa ya jani iliyo myembamba kama unywele.

Alikuwa mchoraji wa Malkia Marie-Antoinette. Mwaka 1793 malkia huyo aliuawa, na wengi waliomtumikia wakapata mateso. Redouté hakuguswa, akaendelea kuchora mimea. Baadaye Joséphine, mke wa Napoleon, alimwita kuchora maua ya bustani yake ya Malmaison. Kati ya 1802 na 1816 alitoa kitabu cha mayungiyungi na jamaa zake, juzuu 8, picha 486. Kazi ya kuzichapa ilidai saburi nyingi: bamba la shaba lilitiwa vitone vidogo vidogo mahali pa mistari, likapakwa rangi kwa mkono kabla ya kila chapa, na penye upungufu pakatengenezwa kwa brashi. Kitabu chake cha mawaridi, chenye sifa kuliko vyote, kilianza kutoka mwaka 1817. Joséphine hakukiona; alikuwa amekufa mwaka 1814.

Fedha alipata nyingi, lakini kuitunza hakujua. Mkono uliopima kila jani haukupima matumizi ya nyumba. Uzeeni madeni yalimzidi, akauza vyombo na mapambo ya nyumba yake. Hata hivyo aliendelea kufundisha kuchora katika bustani ile ya Paris, na wanafunzi walikuwa wengi, wanawake hasa.

Mwezi Juni 1840, akiwa na miaka 80, aliletewa yungiyungi jeupe na mwanafunzi wake mmoja. Inasimuliwa kwamba alikuwa akilitazama alipopatwa na kiharusi. Akazikwa Paris, katika makaburi ya Père-Lachaise.