Otto Loewi na Ndoto ya Neva

Kila nisikiapo mtu akidharau ndoto, mimi humkumbuka Otto Loewi, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1873. Usiku mmoja, akiwa profesa huko Graz, Austria, aliota jaribio, akaliandika karatasini. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Mara hii hakungoja kukuche, alikwenda moja kwa moja maabarani.

Alichukua mioyo miwili ya vyura. Akaishtua kwa umeme neva inayotuliza moyo wa kwanza, mapigo yakapungua. Maji ya chumvi yaliyokuwamo moyoni humo akayatia katika moyo wa pili, usio na neva hiyo; nao ukapunguza mapigo vilevile. Basi mwaka 1921 akatangaza kwamba neva hutoa kemikali, ambayo baadaye ilitambulika kuwa asetilikolini. Leo twajua kuwa hata ubongoni seli za neva hutulizana kwa kemikali, kama vile GABA.

Mwaka 1936 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Mwaka 1938 Wanazi wakamfunga kwa kuwa Myahudi, wakamlazimisha kuwakabidhi fedha za tuzo hiyo ndipo aondoke nchini. Alifariki New York mwaka 1961. Fedha walizichukua, elimu yake hawakuiweza.