Balikuddembe: Mtumishi wa ikulu aliyemtetea mgeni, na soko linalobeba jina lake

Kila mfanyabiashara anayevuka Busia, Malaba, Mutukula, Katuna au Elegu kwenda Kampala analijua soko la Owino. Humo ndimo marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri, viatu hupangwa chini kwa jozi, na hamali hupita kwa kasi wakipiga kelele ili upishe njia. Mwezi wa Desemba huwezi kusimama ukapumua. Watu wa Nairobi, Kigali, Bukoba, Juba na Bunia wanasukumana na wenyeji, kila mmoja akitafuta nguo za watoto kabla ya sikukuu.

Jina la Owino ndilo lililozoeleka midomoni. Lakini kibao cha soko hili, lililoanzishwa mwaka 1971 pembeni mwa uwanja wa Nakivubo, kinasoma jina jingine: Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Wengi wetu tumelisoma jina hilo kwenye risiti tukalipita. Leo tumweleze mwenye jina, kwa sababu maisha yake yanatugusa sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka, hasa msimu huu ambapo kila mtu anahesabu faida na wengine wanakosa hata nauli ya kurudi kwao.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alizaliwa Buganda karibu mwaka 1860. Miaka ya 1870, akiwa bado mvulana, alipelekwa ikulu kumtumikia Kabaka Muteesa wa Kwanza. Ndivyo ilivyokuwa desturi: familia ilipeleka kijana wake kwa Kabaka ili ajifunze adabu na kazi za utawala, na akibahatika apewe cheo. Maisha ya mtumishi wa ikulu yalikuwa ya hatari. Kijana angeweza kupanda cheo asubuhi na kuuawa jioni kwa kosa dogo.

Ikulu ya Muteesa wakati huo ilikuwa kama soko la kimataifa. Wafanyabiashara wa pwani na Zanzibar walikuwa wamekwisha kufika Buganda tangu siku za Kabaka Suuna, baba yake Muteesa, wakileta nguo, shanga na bunduki na kuondoka na pembe za ndovu na, kwa huzuni, watumwa. Walikuja na dini ya Kiislamu na walikuja na Kiswahili. Muteesa mwenyewe alijifunza lugha hii. Wamisionari wa Kianglikana walipofika mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki, akiwemo Padre Simeon Lourdel, mwaka 1879, walianza kufundisha kwa Kiswahili kabla hawajakimudu Kiganda. Kwa hiyo lugha unayosoma sasa ilikuwa ikisikika kwenye vilima vya Kampala kabla ya reli, kabla ya mipaka, na kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mukasa alijiunga na wanafunzi wa Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akabatizwa mwaka 1882 kwa jina la Yosefu. Mwishoni mwa mwaka huohuo mapadre waliona hali imekuwa ya mashaka wakaondoka kwenda kusini mwa ziwa. Hawakurudi hadi katikati ya mwaka 1885. Katika kipindi hicho chote waumini wa ikulu hawakuwa na padre, na kijana huyu ndiye aliyewaweka pamoja. Aliwafundisha wadogo, aliwatuliza wenye hofu, na hakuacha kazi yake kwa Kabaka.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuuguza. Muteesa aliugua kwa miaka mingi, na Mukasa alikuwa miongoni mwa waliomhudumia chumbani. Anayejua kuuguza mtu wa nyumbani anaelewa maana yake: kukesha, kuosha, kulisha, kuvumilia hasira za mgonjwa. Jina la Balikuddembe alilopewa ikulu lilitokana na tabia yake. Ndani yake limo neno ddembe, ambalo kwa Kiganda ni amani na uhuru. Alikuwa mtu mtulivu, asiyegombana, ambaye watu walijisikia salama karibu naye.

Muteesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana wa umri usiofikia miaka 20, alirithi kiti. Mwanga alimpenda Mukasa akampa usimamizi mkubwa wa nyumba yake pamoja na watumishi vijana. Mapema mwaka 1885 wakuu fulani walipanga njama ya kumwondoa Kabaka mpya. Mukasa, pamoja na mwenzake Andrea Kaggwa, walipata habari wakamwonya Mwanga. Kiti kikapona. Lakini wema huo ulimzalia adui. Katikkiro, yaani waziri mkuu, ambaye naye aliitwa Mukasa, alitajwa katika njama hiyo. Aliomba radhi akasamehewa, ila hakusahau ni nani aliyemfichua.

Pia kulikuwa na jambo la vijana wa ikulu. Mwanga alitaka kuwatumia baadhi yao kwa tamaa zake za kimwili. Vijana hao walikuwa mbali na wazazi wao, hawana wa kuwatetea, na amri ya Kabaka ilikuwa haipingwi. Balikuddembe, akiwa msimamizi wao, alifanya alichoweza kuwaweka mbali na hatari hiyo. Aliwapanga kazi nyingine na aliwaonya. Kwa mtu mwenye cheo kama chake njia rahisi ilikuwa kufumba macho, ale vizuri na alale vizuri. Hakufumba.

Mwezi Julai 1885 Askofu wa Kianglikana James Hannington aliondoka Mombasa kuelekea Buganda. Hakupita njia ya kawaida ya kusini inayozunguka ziwa kupitia Tabora. Alikata moja kwa moja nchi ya Wamasai hadi Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo. Aliacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake akaendelea na wapagazi wapatao 50. Kwa maneno mengine, alikuwa anakuja kwa njia ileile ambayo malori na mabasi yetu hupita leo kutoka magharibi mwa Kenya kuingia Busoga.

Njia hiyo ndiyo ilimponza. Waganda waliiogopa njia ya mashariki kama mlango wa nyuma wa nchi yao, na kulikuwa na imani ya zamani kwamba maangamizi yangeingia kutokea huko. Isitoshe, habari zilikuwa zimefika kwamba Wajerumani wanajitwalia ardhi pwani. Ikulu ikaona kwamba mgeni huyu ni mpelelezi wa wavamizi. Hannington alikamatwa Busoga tarehe 21 Oktoba, akafungiwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga. Wapagazi wake wengi waliuawa pamoja naye. Tukumbuke hao pia. Walikuwa watu waliotafuta riziki kwa kubeba mizigo ya wengine kuvuka nchi za watu, na majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Hapo Balikuddembe alivuka mstari. Alimwendea Kabaka akamlaumu. Alimkumbusha kwamba baba yake Muteesa, pamoja na ukali wake wote, hakuwa na desturi ya kuwaua wageni. Hannington hakuwa ndugu yake. Hakuwa hata wa dhehebu lake, na siku zile Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda walikuwa wakishindana vikali. Balikuddembe hakupata faida yoyote kwa kumtetea mtu aliyekwisha kufa. Alichotetea ni kanuni: mgeni aliyefika kwa amani asidhuriwe, na asihukumiwe bila kusikilizwa.

Siku chache baadaye Mwanga aliumwa macho. Padre Lourdel akampa dawa, na dawa ikamsumbua. Katikkiro akapata nafasi aliyokuwa akiingojea. Alimjaza Kabaka wasiwasi kwamba anawekewa sumu, na kwamba Mukasa anatoa siri za ikulu kwa Wazungu. Mwanga alikubali. Asubuhi ya tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe alikabidhiwa kwa wauaji.

Masimulizi ya siku hiyo yanasema alikataa kufungwa kamba, kwa kuwa hakuwa na nia ya kukimbia. Alimpa muuaji ujumbe kwa Kabaka: kwamba amemhukumu bila haki lakini amemsamehe, na kwamba ni vyema atubu. Amri ilikuwa achomwe moto akiwa hai. Mkuu wa wauaji, Mukaajanga, alimheshimu kijana huyu, akamkata kichwa kwanza ili asiteseke, ndipo mwili ukachomwa. Haya yalitokea Nakivubo, pale bondeni penye mkondo wa maji, jirani kabisa na mahali ambapo leo tunabishana bei ya jaketi.

Mwanga alidhani hofu ingewatawanya waumini. Ilikuwa kinyume. Usiku uleule vijana wa ikulu walikwenda kwa mapadre kuomba ubatizo, mmoja wao akiwa Charles Lwanga, aliyechukua nafasi ya Balikuddembe ya kuwalinda wadogo. Lwanga naye alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzake. Wakatoliki 22 wa kundi hilo, Balikuddembe akiwa wa kwanza kuuawa, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana walikuwa na wafiadini wao pia, na kabla ya hao wote Waislamu wa Buganda waliuawa kwa ajili ya imani yao katika utawala wa Muteesa. Historia hii si ya dini moja.

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki husahaulika. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Kabaka aliyekuwa na amri ya kuua na kuponya alipanda mtumbwi akakimbia kusini mwa ziwa, hana jeshi wala hazina. Alifikia kwanza kwa wafanyabiashara wa Kiarabu huko Magu, akatoroka, na hatimaye akafika Bukumbi, karibu na Mwanza, kwenye misheni ya Mapadre Weupe. Waliompokea, wakampa chakula na mahali pa kulala, ni watu ambao alikuwa amewaua wanafunzi wao. Mwanga alikuwa mkimbizi aliyevuka ziwa bila chochote, naye akahudumiwa kama mhitaji yeyote. Baadaye alirudishiwa kiti kwa msaada wa Wakristo walewale, akakipoteza tena, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Msamaha aliousema Balikuddembe akielekea kufa ulikuja kutendwa na wengine, kwa sahani ya chakula.

Turudi sokoni. Owino imepatwa na majanga. Februari 2009 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya soko, na haukuwa wa mwisho. Kila mara mtu aliyelala akiwa na mtaji aliamka akiwa na majivu na deni. Anayeuliza jinsi wengi wao walivyoanza upya atasikia habari za vikundi vya kuchangiana, zile nigiina ambazo akina mama wa Kampala huzitegemea, na jirani wa kibanda aliyegawa robota lake nusu kwa mali kauli. Wapo pia wateja wa ng'ambo ya mpaka waliolipa madeni yao mapema kuliko tarehe waliyokubaliana.

Msimu wa sikukuu wengi wetu hufikiria msaada kama mfuko wa sukari na picha ya kumbukumbu. Hilo si baya. Aliyepata sukari amepata. Lakini maisha ya mtu huyu yanaonyesha msaada wa aina nyingine, ambao gharama yake ni kubwa zaidi kuliko sukari. Ni kumuuguza mgonjwa asiye na shukrani, au kumkinga kijana asiye na wazazi dhidi ya mkubwa anayemtaka kwa ubaya. Ni kusema neno kwa ajili ya mgeni wakati kila mtu anamwita mpelelezi au mwizi.

Nafasi za kufanya hivyo tunazo kila safari. Pale mpakani kuna msichana wa mara ya kwanza, hajui fomu ya kujaza, na wapo vijana wanaotaka kumvua fedha zake. Kuna hamali aliyevunjika mguu wiki mbili kabla ya Krismasi. Kuna Mkongomani aliyeibiwa kwenye stendi, hajui Kiganda, na Kiswahili chake watu wanakicheka. Dakika kumi za mfanyabiashara mzoefu zinaweza kumfikisha nyumbani kwao salama.

Safari hii, ukishafunga mzigo wako na kabla hujapanda basi, tazama kibao cha soko na usome jina lote. Halafu tazama pembeni yako kama yupo aliyekwama.