Denholm Elliott: Mwigizaji wa pembeni aliyekumbukwa kuliko steringi

Msikilizaji wetu, wengi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulijifunza mambo mawili kuhusu filamu: steringi hafi, na wengine wote hawana majina. Huyu ni mzee wa duka, yule ni daktari, yule mtumishi wa tajiri. Wanaingia, wanasema maneno matatu, wanatoka. Filamu ikiisha tunarudi nyumbani tukimzungumzia steringi peke yake.

Leo tunamzungumzia mmoja wa hao wa pembeni. Ukimwona kwenye filamu za Indiana Jones utamtambua mara moja. Ni yule mzee wa makumbusho mwenye suti na kofia, rafiki wa Indiana Jones, anayeitwa Marcus Brody. Kwenye filamu ya mwaka 1989, Indiana Jones anawatambia maadui kwamba Brody anajua lugha nyingi na hawatampata kamwe. Picha inayofuata tunamwona Brody sokoni, amepotea, anauliza kama kuna mtu anayejua Kiingereza. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Mwingereza Denholm Elliott.

Alizaliwa London tarehe 31 Mei 1922. Baba yake alikuwa mwanasheria, na baadaye alipelekwa kuitumikia serikali ya Uingereza huko Palestina. Mwaka 1933 baba huyo alifariki dunia Jerusalem. Denholm alikuwa na miaka 11.

Alipokuwa kijana alijiunga na chuo mashuhuri cha maigizo jijini London, lakini baada ya muhula mmoja tu aliambiwa aondoke. Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Akaingia jeshi la anga, na kazi aliyopewa ni ya redio. Alikuwa fundi mitambo wa mawasiliano ndani ya ndege ya kudondosha mabomu, na pia mpiga bunduki.

Usiku mmoja wa Septemba 1942, ndege yao ilipigwa ikiwa kwenye shambulio dhidi ya Ujerumani, ikaangukia Bahari ya Kaskazini. Baadhi ya wenzake walikufa. Yeye aliokoka, akakamatwa, akapelekwa kambi ya wafungwa wa vita huko Lamsdorf, eneo ambalo sasa liko Poland. Alikaa kifungoni hadi vita vilipoisha mwaka 1945.

Humo kambini ndimo ufundi wake ulipoanza kukomaa. Palikuwa na baridi na njaa, na hakuna aliyejua siku ya kutoka. Elliott na wenzake wakaanzisha kikundi cha maigizo. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, kwa hiyo nafasi za wanawake ziliigizwa na wanaume. Watazamaji walikuwa wafungwa wenzao waliokuwa wakihitaji kusahau hali yao kwa saa moja au mbili. Kijana aliyefukuzwa chuo akajifunza kazi mbele ya watazamaji wasioweza kwenda popote.

Baada ya vita alianza kuigiza jukwaani, na kuanzia mwaka 1949 akaingia kwenye sinema. Mwaka 1953 alionekana kwenye filamu ya vita vya baharini iitwayo The Cruel Sea. Ndani ya filamu hiyo alikuwemo pia mwigizaji kijana Virginia McKenna, na mwaka 1954 wawili hao walioana. Ndoa ilivunjika mapema. McKenna baadaye aliolewa na Bill Travers, na ndiye aliyekuja Kenya kuigiza kama Joy Adamson kwenye Born Free, filamu ya mwaka 1966 kuhusu simba jike Elsa. Elliott alioa tena mwaka 1962, akamwoa Susan Robinson, mwigizaji kutoka Marekani, wakapata watoto wawili.

Mwaka huohuo wa Born Free, Elliott alipata nafasi ndogo kwenye Alfie, filamu ambayo steringi wake alikuwa Michael Caine. Elliott aliigiza mtu anayetoa mimba kwa siri, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa kosa la jinai Uingereza. Anaonekana kwa dakika chache tu, lakini ukiiona filamu hiyo, sura yake haikutoki. Hakumwigiza kama shetani wala kama mtu mwema. Alimwigiza kama mtu aliyechoka.

Huo ndio ulikuwa utaalamu wake. Watu aliowaigiza mara nyingi walikuwa na nguo nzuri na heshima ya nje, lakini ndani wana aibu, woga au chupa iliyofichwa mahali. Waigizaji wenzake walikuwa wakitaniana kwamba kuigiza naye ni hatari, kwa sababu macho ya watazamaji yatamfuata yeye.

Miaka ya 1980, akiwa na zaidi ya miaka 60, mavuno yalikuja. Mwaka 1983 alikuwa mtumishi wa nyumba ya tajiri kwenye Trading Places, pamoja na Eddie Murphy na Dan Aykroyd. Mwaka uliofuata alikuwa daktari mwenye majivuno kwenye A Private Function, kichekesho kuhusu nguruwe anayefugwa kwa siri wakati nyama inagawiwa kwa mgawo. Kisha akawa mwandishi wa habari mlevi kwenye Defence of the Realm. Nafasi zote tatu zilimpa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora msaidizi, mara tatu mfululizo. Aliteuliwa pia kuwania Oscar kwa filamu ya A Room with a View. Aliyeshinda safari hiyo alikuwa Michael Caine, yuleyule wa Alfie. Mwaka 1988 Elliott alitunukiwa nishani ya heshima ya Uingereza.

Lakini wakati anapewa nishani, alikuwa anajua jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Mwaka 1987 alikuwa amepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI. Ile filamu ya Brody aliyepotea sokoni ilitoka miaka miwili baada ya majibu hayo. Aliendelea na kazi hadi mwaka 1992, ilipotoka filamu yake ya mwisho, Noises Off. Tarehe 6 Oktoba mwaka huo alifariki nyumbani kwake katika kisiwa cha Ibiza, Hispania, kwa kifua kikuu kilichotokana na UKIMWI. Alikuwa na miaka 70. Haukuwa umepita hata mwaka tangu ugonjwa huo umchukue mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar.

Wakati ule hapakuwa na dawa ya kuvizuia virusi kwa muda mrefu. Dawa za mchanganyiko, ambazo leo tunaziita ARV, zilianza kuleta mabadiliko makubwa mwaka 1996, miaka minne baada ya kifo chake. Leo mtu anayepima mapema na kumeza dawa kila siku anaishi, analima na kulea watoto wake. Kifua kikuu nacho kinatibika, hata kwa mwenye virusi, akiwahi na kumaliza dozi.

Mjane wake hakukificha chanzo cha kifo. Alianzisha mradi wenye jina la mumewe, kwa ajili ya kuwasaidia watu wanaoishi na virusi, na mwaka 1994 akachapisha kitabu kuhusu maisha yake. Wakati huo familia nyingi, huko kwao na huku kwetu, zilikuwa zinasema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo, msikilizaji, siku ukiiona tena filamu ya Indiana Jones kwenye simu yako, muache steringi akimbizane na maadui. Mtazame yule mzee mwenye kofia pale sokoni. Sasa unalijua jina lake.