Raoul Diagne: Aliichezea Ufaransa, kisha akaifunza Senegal kuishinda

WAHENGA walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ingeweza kumwandama Raoul Diagne maisha yake yote, kwani mwanasoka huyu mwenye asili ya Senegal ndiye mtu mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Ufaransa, wakati Ufaransa yenyewe ilikuwa ikiitawala Senegal. Hata hivyo, anayeifuata safari yake hadi tamati atasita kumhukumu kwa kipimo hicho.

Diagne alizaliwa Novemba 10, 1910 mjini Saint-Laurent-du-Maroni, Guiana ya Ufaransa, huko Amerika Kusini, ambako babake alikuwa afisa wa forodha. Mamake alikuwa Mfaransa. Babake, Blaise Diagne, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Gorée, karibu na Dakar. Wenyeji wa Gorée, Dakar, Rufisque na Saint-Louis walikuwa na haki ya kupiga kura ambayo Waafrika wengi chini ya utawala wa Ufaransa walinyimwa. Kupitia haki hiyo, Blaise alichaguliwa mwaka wa 1914 na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuketi katika Bunge la Ufaransa.

Mwaka wa 1918, mbunge huyo alizunguka Afrika Magharibi akisajili vijana zaidi ya 60,000 waende kuipigania Ufaransa vitani. Waliompenda walimwona mtetezi wa haki za watu weusi. Waliomchukia walimwita wakala wa mkoloni. Raoul alikua chini ya kivuli cha jina hilo zito.

Badala ya siasa, kijana huyo alichagua kabumbu. Alijiunga na Racing Club ya Paris, na Februari 15, 1931 akaichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza dhidi ya Czechoslovakia, mechi ambayo Ufaransa ilishindwa 2-1. Mwaka uo huo, babake alikuwa naibu waziri wa makoloni, na jiji la Paris likaandaa maonyesho makubwa ya makoloni ambako watu wa Afrika na Asia waliletwa kutazamwa na umma. Raoul naye alitazamwa na maelfu, lakini kwa ustadi wa miguu yake.

Alikuwa mchezaji wa kila idara. Alicheza beki, akacheza kiungo, na hata langoni alisimama ilipobidi. Mwaka wa 1936, Racing ilitwaa taji la ligi na Kombe la Ufaransa kwa mpigo, kisha ikalinyakua tena kombe hilo mwaka wa 1939 na 1940.

Upeo wa safari yake ya kimataifa ulikuwa Kombe la Dunia la 1938, lililoandaliwa Ufaransa. Akiwa kiungo, alishiriki katika ushindi wa 3-1 dhidi ya Ubelgiji, kabla ya wenyeji kubanduliwa na Italia kwa mabao 3-1 katika robo fainali. Mechi yake ya mwisho, ambayo ilikuwa ya 18, ilikuwa dhidi ya Ureno mnamo Januari 1940, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Baadaye aliichezea Toulouse na Annecy, halafu akaingilia ukocha.

Senegal ilipojipatia uhuru mwaka wa 1960, Diagne hakubaki Ulaya kutazama kwa mbali. Alikwenda kuinoa timu ya taifa hilo changa, nchi ya babake ambayo yeye mwenyewe hakuzaliwa humo. Mwaka wa 1963, Dakar iliandaa Michezo ya Urafiki iliyokutanisha mataifa ya Afrika na Ufaransa. Vijana wa Diagne waliilaza timu ya Ufaransa ya wachezaji wa ridhaa, kisha wakatwaa nishani ya dhahabu. Kwa taifa lililokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, ushindi huo ulikuwa mkubwa kuliko mabao yaliyofungwa.

Miaka 39 ilipita. Mnamo Mei 31, 2002 jijini Seoul, Senegal iliwaduwaza Ufaransa, waliokuwa mabingwa watetezi wa dunia, kwa bao la Papa Bouba Diop. Wengi wa wachezaji wa Senegal walikuwa wakichezea vilabu vya Ufaransa, ilhali Patrick Vieira, kiungo wa Ufaransa, alikuwa mzaliwa wa Dakar. Njia hiyo ya kati ya nchi mbili Diagne alikuwa ameipita zaidi ya miaka 70 awali, akiwa peke yake.

Alikuwa bado hai siku hiyo. Aliaga dunia Novemba 12, 2002, siku mbili baada ya kutimiza umri wa miaka 92. Ufaransa humkumbuka kama mchezaji wake. Senegal humkumbuka kama mwalimu wake. Mtu aliyerejea kuijenga timu ya nchi ya babake ni vigumu kumwita mwacha asili.